Ugenini bila marafiki: mwongozo kamili wa kijana wa Kiislamu anayetaka kuingia kikundi cha kujitolea

Nilifika Dar es Salaam kutoka Tanga na begi moja, godoro la inchi nne, na namba za ndugu wawili ambao wote walikuwa wameshahama. Ramadhani ya mwaka wa kwanza wa chuo nilikula daku peke yangu mwezi mzima, mkate na chai ya rangi, nikafuturu kwa tende nilizonunua dirishani mwa daladala. Njaa haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kukosa mtu wa kumwambia "leo jua limenimaliza". Ramadhani iliyofuata nilikuwa nafuturu na watu zaidi ya mia kila Jumamosi, na wawili kati yao ndio walionifungia mizigo miaka mitatu baadaye nilipohama mji.

Nianze na ninachokiamini, ili kama hukubali usipoteze bando lako. Marafiki hawapatikani kwa kutambulishwa. Wanapatikana kwa kufanya kazi ileile, siku ileile, na watu walewale, mpaka siku usipotokea mtu aulize uko wapi. Hatua zote zilizo hapa chini ni za kukufikisha hapo.

Hatua ya 1: Kiri unachokitafuta

Wengi wetu tunaona haya. Tukiulizwa kwa nini tumekuja tunajibu "kwa ajili ya Allah", na ni kweli, lakini ni kweli pia kwamba chumba kinakuwa kimya mno Jumamosi mchana. Nia hizo mbili hazigombani. Katika ile hadithi ya watu saba watakaowekwa kivulini siku isiyo na kivuli kingine, wamo wawili waliopendana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kutafuta rafiki mwema si kuichafua sadaka yako.

Kisha chukua karatasi uandike vitu vitatu: siku moja ya wiki ambayo kweli uko huru, saa unazoweza kutoa, na nauli ya kwenda na kurudi mara nne kwa mwezi. Usicheke hilo la nauli. Nimeona wengi wakipotea mwezi wa pili, si kwa uvivu, ila kikundi kilikuwa Mbagala na wao wanakaa Tegeta, na aibu ya kusema "sina nauli" ikawazidi.

Hatua ya 2: Pa kutafutia

Anzia msikitini, lakini usitegemee matangazo ya baada ya Swala ya Ijumaa, hasa kama wewe ni msichana. Sisi wa ghorofani au nyuma ya pazia spika yetu ndiyo ya mwisho kutengenezwa. Nenda siku ya kawaida baada ya Alasiri, muulize muadhini au mama yeyote anayefagia: "Hapa vijana wanaofanya kazi za kheri wanakutana lini?" Watu wa aina hiyo wanajua kila kitu.

Ukiwa mwanafunzi, karibu kila chuo kina jumuiya ya Kiislamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna MSAUD, jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa hapo, na TAMSYA, jumuiya ya wanafunzi na vijana wa Kiislamu Tanzania, ina matawi katika shule na vyuo vingi nchini. Uliza nani ni amiri, yaani kiongozi, na kwa upande wa wasichana nani ni amirati. Nje ya misikiti kuna Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962, ambacho matawi yake hufundisha vijana huduma ya kwanza. Kujitolea ni moja ya misingi yake saba, na usitishwe na neno msalaba: ni familia moja na Hilali Nyekundu ya nchi za Kiislamu.

Kuna pia usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uliokolea baada ya sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 kugeuzwa siku ya kufagia. Mtaani kwako wanaotokea kweli ni wachache, kwa hiyo ukitokea mara mbili mwenyekiti wa mtaa anakujua kwa jina. Na kuna uchangiaji damu. Ukiwa na miaka 18 na kilo 50 kwenda juu unaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Ila damu peke yake haileti marafiki, kwa sababu unalala, unatoa, unapewa soda, unaondoka. Chukua kazi ya kuandikisha watu mezani, hapo utakaa na wenzako kutwa nzima.

Je, lazima kiwe kikundi cha Waislamu watupu? Hapana. Lakini kama ndicho cha kwanza maishani na uko ugenini, mimi nashauri uanzie pale ambapo hutalazimika kueleza kwa nini unanyanyuka Magharibi ikifika. Ukishapata miguu, ingia na kingine cha mchanganyiko. Rafiki yangu mmoja mkubwa ni Mlutheri tuliyekutana tukiokota chupa ufukweni Kigamboni, na yeye ndiye hunikumbusha Alasiri.

Hatua ya 3: Kichunguze kikundi kabla hakijakuchunguza

Kaa pembeni mara mbili bila kuahidi chochote. Angalia fedha zinapita wapi. Kama michango inakwenda kwenye lipa namba ya kikundi, au kwa mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu, vizuri. Kama inakwenda kwenye simu ya mtu mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza, ngoja kwanza. Angalia kama kuna mtu mzima anayeheshimika nyuma yao: imamu, mwalimu wa madrasa, mama wa mtaa. Angalia wasichana wanarudije nyumbani giza likiingia.

Na kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Mtu akikwambia usimwambie mama yako mnakutana wapi, ondoka siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayeanza kukwambia kwamba Waislamu wote wamepotea isipokuwa ninyi kumi na wawili, anayetaka hati yako ya kusafiria, au anayekuita "mazungumzo maalumu" usiku na watu uliokatazwa kuwataja. Kazi ya kheri haina haja ya kufichwa wazazi. Mpigie mzazi, mtajie kikundi, mpe namba ya kiongozi. Mama yangu alimpigia amirati wetu mara tatu mwezi wa kwanza. Niliona aibu kubwa, lakini amirati alizoea, wakawa wanaongea wao kwa wao kuhusu mihogo.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza

Ukiweza, iwe katika Shaabani. Ramadhani ikishaingia kila mtu anakimbia, hakuna mwenye nafasi ya kukuonyesha chumvi ilipo. Na kwa kuwa mwezi wenyewe unawahi kuingia kwa kama siku 11 kila mwaka, usihesabu kwa kalenda ya mwaka jana.

Beba chupa ya maji, kanga au kikoi cha ziada, kandambili, na nauli ya kurudi uliyoitenga mbali na hela nyingine. Dada zangu, vaeni baibui la zamani lenye mikono mifinyu. Moto wa kuni na mikono mipana ya nailoni havikai pamoja. Nimeona mkono ukishika moto na mtu akiokolewa na ndoo ya maji ya kuoshea mchele.

Fika kwa saa iliyotajwa. Mimi niliambiwa saa 3 asubuhi, nikafika saa 3, uwanja wa nyuma ya msikiti mmoja Temeke. Hapakuwa na mtu ila bibi mmoja kwenye mkeka, akichambua mchele kwenye ungo. Nikampa salamu, nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema bila kuinua macho, akavuta ungo wa pili, akamimina nusu ya mchele wake, akausukuma mbele yangu. Nikakaa.

"Wa wapi wewe?"

"Tanga, bibi."

"Tanga kubwa. Tanga ya wapi?"

"Ngamiani."

"Ngamiani barabara ya ngapi?"

Hapo ndipo alipoinua macho, kwa sababu asiyekaa Ngamiani hajui kwamba barabara zetu zina namba. Nikamwambia ya kumi na mbili. Yeye aliwahi kuolewa ya tisa, zamani, kwa mume aliyekuwa akifanya kazi relini. Tukachambua kokoto na kuhesabu watu: nani yu hai, nani kahamia Pemba, nani kauza nyumba ya urithi na nduguze hawamsemeshi. Vijana walianza kuingia saa 4 na nusu. Wote walimwita Mama Mkubwa. Akawaambia, "Huyu mjukuu wangu," akaendelea na kokoto zake. Nilitambulishwa, ndiyo, lakini baada ya ungo.

Kwa hiyo siku ya kwanza usisimame ukingoni na simu ukingoja kukaribishwa. Amkia wakubwa, tafuta aliyeshika kazi, uliza: "Nikusaidie wapi?" Ukiambiwa "pumzika tu, mgeni", usikubali. Kuna kitunguu cha kumenya mahali fulani.

Halafu kuna sufuria. Chakula kikishagawiwa, vijana hukusanyika kupiga picha na kuagana, na sufuria kubwa zinabaki na ukoko wake. Anayebaki kuziosha anabaki na watu watatu au wanne ambao ndio kikundi chenyewe. Mimina maji sufuria ikiwa bado ina moto, acha ukoko ulainike wakati mnaswali, kisha kwangua kwa mwiko wa mti na umalizie kwa dodoki na majivu. Pale bombani ndipo niliposikia utani wao wote: nani aliwahi kutia sukari kwenye maharage akidhani ni chumvi, nani alimposa nani akakataliwa. Kwenye grupu ya WhatsApp huwezi kuyapata hayo.

Hatua ya 5: Miezi mitatu ya kazi moja

Chagua kazi moja, uishike. Mimi nilishika mchele na hesabu yake. Sisi tulipima kilo moja kwa watu sita, kwa hiyo watu 100 ni kilo 17, na tende tatu kwa kila mtu ni 300, ongeza kidogo kwa watoto wanaorudi mara ya pili na nyuso mpya. Ndani ya wiki nne jina langu likawa "dada wa mchele". Mtu mwenye kazi inayojulikana hutafutwa, na anayetafutwa hana haja ya kujitangaza.

Usigombee cheo. Mwaka wa kwanza ukiwa katibu utajua mihutasari yote na hutamjua mtu.

Na ukishindwa kuja, toa taarifa mapema, kwa kumpigia mtu, usiandike tu kwenye grupu. Simu hiyo ya dakika moja inafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani: atakuuliza kuna nini, utamwambia, naye ataulizia Jumamosi ijayo kama homa imeisha.

Hatua ya 6: Tembea nao

Ondoka na watu. Hata kama kituo chako ni tofauti, wasindikize hadi cha kwanza. Mazungumzo ya kweli huanza mtu akishashusha ndoo. Akikuuliza habari za nyumbani, usijibu "salama" ukaishia hapo kila mara. Siku moja mwambie kweli.

Hatua ya 7: Msibani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mwongozo niliosoma unaosema jambo hili.

Vikundi vingi vya misikitini vina kazi ambayo haitangazwi: kusaidia maziko ya watu wasio na jamaa karibu. Wavulana huchimba, hubeba jeneza, huweka mbao za mwanandani, hufukia. Kijana mgeni mtaani akitokea makaburini mara tatu na koleo mkononi, hana tena wa kumuuliza yeye ni nani. Upande wa wasichana kazi ni kuosha na kukafini, na huko waoshaji ni wachache mno. Wanawake huoshwa na wanawake, na waliosomea wengi wameshazeeka.

Mama Mkubwa alinipigia saa 11 alfajiri, miezi minne baada ya siku ile ya ungo. Bibi wa chumba cha kupanga amefariki, watoto wake wako Songea, njoo unipitishie maji. Nilikwenda nikitetemeka. Tulikuwa wanne. Maiti ilifunikwa shuka muda wote, mkono wa muoshaji unapita chini yake, hakuna kinachoachwa wazi. Kazi yangu ilikuwa kujaza kata na kuipokeza: kwanza maji ya majani ya mkunazi, ya mwisho yenye karafuu maiti. Kisha sanda, vipande vitano kwa mwanamke, vitatu kwa mwanamume. Hakuna aliyeongea ila Mama Mkubwa, na yeye alimsemesha marehemu: "Geuka mwanangu, tumalize huku." Uliloliona mle hutoki nalo nje, na mimi siliandiki hapa.

Baadaye tulikaa barazani kwenye mkeka tukisubiri wanaume wachukue jeneza. Msichana mmoja ambaye kwa miezi minne tulikuwa tunapeana salamu tu, akaniegemea begani, akaanza kunieleza jinsi alivyomuuguza mama yake. Aliongea mpaka Adhuhuri. Huyo ndiye mmoja wa wale wawili waliofunga mizigo yangu.

Ukitaka kuingia kazi hii, kwanza hudhuria darasa la kuosha na kukafini, misikiti mingi hufundisha ukiomba. Mara ya kwanza omba kutazama tu. Vaa glovu. Ukihisi kizunguzungu toka nje, hakuna atakayekucheka. Ukimaliza, koga. Na kama roho yako haiwezi kabisa, basi; kuna vikombe vya kahawa vya kuosha, mikeka ya kutandika, watoto wa wafiwa wa kuwatoa nje wakacheze. Msiba una kazi ya kila mtu.

Hatua ya 8: Mipaka, mapema

Wavulana na wasichana mtafanya kazi uwanja mmoja. Kubalianeni mapema: grupu mbili pamoja na moja ya jumla, hakuna kuandikiana faragha usiku kwa kisingizio cha "ripoti ya vitunguu", na wasichana hawarudi peke yao. Ndoa hutokea humo, sikatai, nimekula pilau ya mbili. Lakini aliyekuja kutafuta mchumba tu hujulikana wiki ya pili, na sufuria haoshi.

Pangeni ratiba kwa swala. Siku za kugawa futari, chakula kiwe kimeshatoka jikoni saa 11 na nusu jioni, maana Magharibi ya Dar huingia kati ya saa 12 na robo na karibu saa moja kasorobo, kutegemea msimu, na foleni ya Mandela haingoji adhana.

Hatua ya 9: Pesa na ugomvi

Mchango ukiitishwa na huna, mwambie mweka hazina peke yake: "Mwezi huu nitatoa nguvu, sina hela." Sema mara moja, usieleze sana. Ukiwa nayo, tuma na ya kutolea.

Ugomvi utakuja. Wetu ulikuja mwaka wa pili: michango ya futari ilipita kwenye simu ya mtu mmoja, hesabu zikapishana, maneno yakaanza, nusu ya watu wakaondoka. Mpaka leo naamini hakuna aliyeiba. Hakukuwa na daftari, basi. Waliobaki tukaweka utaratibu: watu wawili wanashuhudia kila matumizi, na picha ya kila risiti inawekwa kwenye grupu usiku uleule. Waliotukimbia tuliwafuata majumbani, mmoja mmoja, wakati wa Idi, na sahani ya vileja. Sita walirudi. Wawili walipokea vileja wakafunga mlango.

Hatua ya 10: Ikigoma

Miezi mitatu ikipita na bado unarudi nyumbani kama ulivyokwenda, usikimbilie kuhama kikundi. Badili kazi kwanza, kutoka kwenye kugawa uende jikoni, au badili siku. Wanaokuja Alhamisi kupanga manunuzi ni wengine kabisa na wale wa Jumamosi. Ikigoma tena, aga vizuri, rudisha funguo na sare, uondoke bila kuandika waraka kwenye grupu.

Mimi sasa niko Dodoma kikazi, mwezi wa pili huu. Nimeuliza kwa mama anayefagia msikitini, akanitajia vijana wanaopikia wagonjwa, wanakutana Jumamosi saa 3. Nilifika saa 3. Lango lilikuwa limefungwa. Nikakaa kwenye ngazi nikampigia Mama Mkubwa, naye akaniuliza kama huku nazi zinapatikana.